Betri ikivimba usikimbilie dukani, pima chaji kwanza

Betri ya gari ikivimba mtu wa kwanza kutukanwa ni aliyeiuza. Utasikia feki hii, wameniuzia mzigo uliokaa stoo mwaka mzima, nikirudi pale leo patachimbika. Wakati mwingine ni kweli na sibishi, lakini kwa hii kazi ya umeme wa magari ninayofanya hapa Dar, betri nyingi zilizovimba zinazoletwa kwangu zilikuwa nzima kabisa siku zinafungwa, zikaja kuchemshwa zikiwa ndani ya gari. Na kilichozichemsha bado kipo pale pale chini ya boneti kinaisubiri betri mpya nacho kiichemshe vilevile. Ndo maana kuna watu wananunua betri mbili tatu kwa muda mfupi na kila duka wameshagombana nalo.

Sasa twende ndani kidogo, maana ukishajua kinachotokea humo hutadanganywa tena na mtu.

Betri ya volti 12 ina seli 6 zimeungwa mfululizo, kila seli inatoa kama volti 2.1, ukijumlisha unapata 12.6 hivi betri ikiwa imejaa na imetulia. Kila seli ina pleti za risasi, chanya na hasi, zimepangwa zikipishana na zimezama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Mfaransa mmoja anaitwa Gaston Planté ndo aliitengeneza ya kwanza 1859, na kusema ukweli mpaka leo msingi ni ule ule, tumebadilisha boksi na vifuniko na namna ya kutengeneza pleti.

Ukiichaji umeme unaingia, ile salfa iliyoganda kwenye pleti inarudi kwenye maji na asidi inakuwa nzito tena. Safi. Shida inaanza ikishajaa. Umeme ukiendelea kusukumwa hauna kazi nyingine ya kufanya, kwahiyo unaanza kuyavunja maji yenyewe yanakuwa gesi, haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande mwingine, ndo yale mapovu unayoyaona ukifungua kifuniko na ndo ile sauti ya tsss. Kidogo sio mbaya, kila betri ya maji inatoa gesi kidogo. Lakini ikiwa kila siku kutwa nzima, maji yanapungua, asidi inayobaki inazidi kuwa kali, pleti kwa juu zinabaki wazi bila maji, na joto linapanda. Pleti chanya nayo inaliwa, ule wavu wa risasi unaoshika pleti unageuka kuwa kitu kingine kinachotaka nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe, kwahiyo pleti inakua, inasukuma huku na kule, inasukuma mpaka teminali, vile vichwa vya kufungia waya, na mfuniko wa juu. Na boksi la betri ni plastiki, plastiki ikipata moto inalegea. Weka hayo yote pamoja, joto kutoka ndani, joto la injini kutoka nje, gesi inasukuma na pleti zinatanuka, ubavu unatoka nje kama andazi. Hapo ukiinusa utakuta kaharufu ka yai bovu, na hiyo harufu usiichukulie poa, ni gesi ya sumu, fungua boneti kaa pembeni kwanza.

Kwahiyo betri imevimba, nani kasukuma umeme mwingi? Mara nyingi ni oltaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, au kwa usahihi zaidi ni regyuleta iliyoko ndani ya oltaneta. Kazi yake ni kuhakikisha chaji haivuki kiwango, kwa magari mengi inatakiwa iwe kati ya volti 13.8 na 14.5 injini ikiwa inaunguruma. Regyuleta ikifa kwa namna ya kuachia, oltaneta inapiga 15, 16, na zaidi ukikanyaga mafuta. Dalili unaziona kabla ya betri kuvimba, taa zinang'aa kupita kawaida ukikanyaga, balbu zinaungua ungua hovyo, maji ya betri yanaisha haraka, na juu ya betri pamelowa lowa. Watu wanabadilisha balbu kila mara wanasema balbu za siku hizi mbovu. Bana we, balbu haina kosa.

Testa ya digitali ya bei rahisi kabisa inatosha kujua hili. Gari ikiwa imelala usiku mzima haijawashwa, pima kwenye teminali, ukipata 12.6 au karibu yake betri imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 imeisha. Washa gari, pima tena. Halafu kanyaga mafuta kidogo mpaka injini ifike kama mizunguko 2,000 kwa dakika na pima tena, hapa ndo regyuleta mbovu inajitaja yenyewe. Angalizo moja kwa wenye magari mapya mapya kutoka Japani: mengi yana kompyuta inayoshusha chaji makusudi ili kuokoa mafuta, unaweza kukuta 12.8 gari ikiwa imewaka ukadhani oltaneta imekufa. Washa taa kubwa, subiri kidogo, pima upya. Kuna oltaneta nzima kabisa zimeshatolewa kwenye magari kwa sababu ya hiyo namba tu.

Na joto la huku kwetu ni jambo ambalo watu hawalipi uzito. Namba ninazozitaja zinafikiriwa kwa nyuzi 25. Betri ikipata moto inatakiwa chaji ndogo zaidi, maana vile vitu vya kikemia ndani vinakimbia, kanuni ya jumla wanayotumia watu wa betri ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 maisha ya betri yanakatika nusu. Sasa gari iko Dar mwezi wa pili, foleni ya kutoka Posta hadi Mbagala, AC imewashwa, injini inachemka, betri imekaa karibu kabisa na injini na lile koti la plastiki au kitambaa lililokuja nalo kutoka Japani fundi alishalitupa kwa sababu linamsumbua. Lile koti lina kazi! Linazuia moto wa injini. Ukiwa nalo usikubali litolewe.

Ila kuna wakati regyuleta iko sawa kabisa, testa inasoma 14.4 safi, na betri bado inachemka. Hapa ndo mafundi wengi wanaishia kubahatisha. Angalia hesabu: 14.4 ikigawanywa kwa seli 6 kila seli inapata 2.4, sawa. Seli moja ikifa kwa shoti, labda uchafu wa pleti umejaa chini mpaka ukagusisha chanya na hasi, ile seli haibebi kitu tena. Sasa 14.4 ile ile inagawanywa kwa seli 5, kila moja inapata 2.88. Hizo tano nzima zinachemshwa zikiwa hai. Kwahiyo betri inaweza kuvimba kwa kosa lake yenyewe bila oltaneta kuwa na hatia, na utaijua kwa sababu ikitulia inasoma kama 10.5 hivi hata uichaji usiku kucha. Ikisoma hivyo usipoteze hela kuichajisha tena. Kama ni ya vifuniko, vifungue uangalie, seli iliyokufa utaikuta tofauti na wenzake, aidha imekauka yenyewe au maji yake yamekuwa meusi, na haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, itakwambia zaidi.

Wa malori nao kivyao. Hii naiona kwenye Fuso, Scania na mabasi, yaani kila lenye volti 24. Pale kuna betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Dereva kanunua redio ya gari dogo, au kafunga kamera, au chaja ya simu, vyote ni vya volti 12, na fundi badala ya kumwekea konveta ya kutoka 24 kwenda 12 kavuta waya katikati ya betri mbili, kachukua 12 kwenye betri moja. Inafanya kazi siku hiyo hiyo, kila mtu kafurahi, hela imelipwa. Baada ya miezi dereva anarudi analalamika betri moja imevimba nyingine haina nguvu, na kinachomchanganya ni kwamba iliyovimba sio ile ya redio, ni ya pili yake.

Iko hivi. Zikiwa zimeungwa mfululizo umeme unaopita ni ule ule kwa zote mbili, hakuna namna ya kumpa mmoja zaidi. Ile ya redio inanyonywa kila saa kwahiyo ina njaa muda wote, mwenzake imejaa. Oltaneta haijui habari za betri ya kushoto na ya kulia, yenyewe inaona jumla tu, na inataka jumla ifike kama 28.4. Kama yenye njaa imekaa 13.2, hiyo nyingine inalazimika kubeba 15.2. Kila siku, safari nzima ya Dar kwenda Tunduma. Inachemka, inakauka, inavimba. Na yenye njaa nayo haijai hata siku moja, pleti zake zinaganda salfa inakufa taratibu. Halafu mwenye gari anabadilisha ile iliyovimba peke yake, anaweka mpya pembeni ya iliyochoka, na mchezo unaanza upya kwa kasi zaidi kwa sababu tofauti kati yao sasa ni kubwa kuliko mwanzo. Kwenye volti 24 betri zinabadilishwa zote mbili, aina moja, saizi moja, umri mmoja, na redio inawekewa konveta. Najua inauma mfukoni.

Bodaboda nao wana ya kwao. Betri ya pikipiki ya kumwagia asidi inakuja na kijitundu cha kupumulia pembeni kimezibwa na kofia ndogo ya mpira, mara nyingi nyekundu, ili hewa isiingie ikiwa dukani. Ukishaijaza asidi ile kofia inatakiwa ING'OLEWE na uweke kampira ka kupeleka gesi chini. Watu wanaiacha kwa sababu wanaona kama inaziba vizuri. Gesi haina pa kutokea, betri inavimba mapema tu na wakati mwingine inapasuka kwenye maungio. Betri kubwa za magari nazo zina vitundu vidogo juu ya vifuniko, kuna nyingine zinakuja zimebandikwa stika au tepu juu yake, toa. Na matope yakiganda pale ni yale yale.

Sasa maji. Kinachopotea kwenye betri ni maji, asidi inabaki. Kwahiyo kinachorudishwa ni maji tu, yale ya betri yaliyotolewa chumvi na madini yote. Lakini nenda gereji za huku mtaani uone, betri ikipungua wanamimina asidi, "tuipe nguvu". Inapata nguvu kweli siku hizo mbili tatu na haidromita inasoma vizuri, halafu pleti zinaliwa kwa kasi. Wengine wanaweka maji ya bomba, na mbaya kuliko yote ni maji ya kisima. Wengi jijini hapa tunatumia visima vya maji chumvi, maji ambayo yanatoboa hata birika, halafu unamwagia kwenye betri! Ile chumvi inakula pleti na madini yake yanafanya betri ijinyonye yenyewe hata gari ikiwa imezimwa. Chupa ya maji ya betri ni bei ya soda kadhaa. Soma lebo tu, maana kuna maduka yanapanga asidi na maji kwenye chupa zinazofanana. Na usijaze mpaka juu kabisa, funika pleti kidogo tu, ukijaza kupita kiasi ikipata moto inatapika asidi juu ya boksi inakula chuma cha chini na kichwa cha waya.

Kupasuka bila kuvimba ni mambo mengine, na mengi yanasababishwa na mikono. Teminali imekwama, fundi anachukua nyundo anagonga. Pale chini ya teminali kuna risasi laini imeshikana na plastiki, ukigonga panapata ufa usioonekana, baadae asidi inachuruzika unaona unga mweupe au wa kijani kila ukisafisha unarudi. Au lile bati la kuibana betri limekazwa mpaka boksi limelia. Kinyume chake pia ni kibaya, betri imeachwa wazi haijabanwa na chochote, au imefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, na gari inapita barabara za vumbi za makorongo. Kila mtikisiko unadondosha ule unga wa kwenye pleti, unarundikana chini, ukifika juu unapiga shoti ile niliyosema ya seli kufa. Mpira wa tairi sio kibano jamani, unanesa.

Ndugu zetu walioko Canada na kaskazini mwa Marekani wanakutana na kitu ambacho huku hatukijui, betri kuvimba kwa baridi. Betri iliyojaa haigandi kirahisi, asidi yake inavumilia mpaka chini ya nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha ndani inakuwa karibu na maji tu, nyuzi chache chini ya sifuri inaganda na barafu inapasua boksi. Betri ya namna hiyo ukiibusti, yaani ukiiazimia umeme wa gari jingine ili iwake, inaweza kulipuka.

Na hapo kwenye kulipuka niseme kidogo. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inatosha kushika moto, na juu ya betri iliyokuwa inachemka ipo nyingi kuliko hapo. Cheche moja ya nyaya za jampa, sigara, au kiberiti cha mtu anayemulika usiku aone maji yamefika wapi, betri inapasuka na asidi inaenda usoni. Ukibusti gari, waya wa mwisho kabisa, ule hasi, usiubane kwenye betri iliyoisha, ubane kwenye chuma cha injini mbali na betri, ili cheche itokee kule. Betri iliyovimba au yenye ufa usiibusti kabisa, ivute gari. Na tafadhali usibustiwe na lori ukiwa na gari dogo, lile ni volti 24, mbali na betri unaweza kuondoka na kompyuta ya gari. Asidi ikikurukia jichoni ni maji mengi safi muda huo huo, dakika 15 au zaidi bila kuacha, ndo uende hospitali.

Wenye Prius na magari mengine ambayo betri ndogo ya 12 iko nyuma kwenye buti, betri yenu ina kampira ka kutoa gesi nje ya gari. Ukinunua betri yoyote ya kawaida kwa sababu imeingia pale, gesi ile inabaki ndani na nyie mmefunga vioo kwa AC. Tafuta ya aina ile ile yenye tundu la kampira.

Kuna zinazokufa kimya bila kuvimba, ndo nyingi zaidi kuliko zilizovimba kwakweli. Gari inatembea kilomita tatu kazini, inalala, AC, taa, redio, foleni injini ikiwa chini oltaneta haitoi cha maana, betri haijai hata siku moja. Au gari limepaki miezi na alamu na ile GPS ya mkopo vinanyonya. Ikikaa chini ya 12.4 kwa muda mrefu, salfa inaganda kwenye pleti inakuwa ngumu, haitoki tena hata uichaji vipi. Hii inazikuta hata betri mpya madukani, ndo hapo muuzaji anaweza kuwa na kosa kweli. Kwahiyo unaponunua nenda na testa yako, pima mbele yake kabla hajaitoa kwenye meza, ikisoma chini ya 12.4 mwambie akupe nyingine. Wengine wananuna, wengine wanakuheshimu.

Iliyokufa usiimwage asidi kwenye mtaro ili iwe nyepesi kuuza kwa kilo, na usiiweke uani watoto wanapochezea. Risasi inaingia mwilini taratibu na kwa watoto inagusa ubongo. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu katikati ya makazi ya watu, wakazi waliugua, Phyllis Omido akapigania mpaka akapata tuzo ya Goldman 2015, na 2020 mahakama ya mazingira Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri chakavu ina bei ikiwa nzima na asidi yake ndani, maduka mengi yanaichukua na kukupunguzia kwenye mpya, kwahiyo siku ukienda kununua ibebe ile ya zamani ndani ya beseni la plastiki ikiwa imesimama, na kabla mpya haijafungwa mwambie fundi apime chaji ya gari ukiwa unaona.